Kumpa Haki Yake Anayekukhalifu

Je, mtu aliyekwisha pata dalili ya neno lake, bado yampasa kusikiliza shaka ya mwenye kumkhalifu? Wengi wetu hujibu kwa ulimi kuwa ndiyo, na kwa vitendo tukajibu la. Natuwatazame basi watu wa elimu ya viumbe, kwani jambo hili kwao ni kazi ya kila siku.

Tangu zama za Aristotle watu walishika kwamba funza huzaliwa na nyama iliyooza yenyewe. Walioshika hivyo hawakuwa wajinga. Kila mtu aliona kwa macho yake nyama ikioza na funza wakitokea. Mwaka 1668 tabibu mmoja wa Italia, Francesco Redi, alieleza jinsi alivyotia nyama na samaki katika chupa, nyengine akaziacha wazi, na nyengine mfano wake akazifunga. Zilizo wazi ziliingia nzi, zikafanya funza. Zilizofungwa zilioza zikanuka, wala hapakuonekana funza ndani yake. Angalikuwa na chupa za wazi peke yake asingalijua lolote. Ile iliyofungwa ndiyo shahidi wa pili, na ushahidi wake haungalifaa kitu lau nyama yake ingalikuwa namna nyengine.

Angaliweza kukoma hapo. Lakini ilibaki hoja, kwamba huenda kilichokosekana ni hewa wala si nzi, maana kizibo huzuia vyote viwili. Hoja hiyo hakuipuuza, wala hakutaka kujua mwenye kuisema ni mwanafunzi wa nani, kama tufanyavyo sisi barazani. Aliichukua kama deni, akafunika chupa nyengine kwa shashi, hewa ipite na nzi wasipite. Nzi wakaja kwa harufu, wakataga juu ya kitambaa, na nyama ikabaki bila funza.

Mimi naona uadilifu uliomo humo wapita akili iliyotumika, kwani kulipa neno ulipendalo nafasi ya kushindwa ni jambo zito kwa nafsi.

Na Redi huyo huyo hakulitimiza kila mahali. Vile vivimbe viotavyo juu ya majani na matawi, ambavyo ndani yake hukutwa wadudu, alivitazama vingi, kisha akasema kuwa wadudu hao huzalishwa na uhai wa mti wenyewe. Hapo hapakuwa na shashi. Mwaka 1679 Malpighi, mtu wa Italia kama yeye, alieleza kwamba huanza na mayai yaliyotiwa humo na mdudu.