Adabu za Kwenda Mlimani kwa Kundi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeisimamisha milima na akaivika ardhi mavazi ya rangi mbalimbali. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ewe ndugu Mwislamu, watu wa pwani siku hizi hufunga safari kwa makundi kwenda kutazama milima ya bara. Katika waendako ni Kitulo, kusini ya Tanzania, uwanda ulio juu ya bahari kadiri ya mita 2,600. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake. Katika miezi ya mvua uwanda wote hupambika, na kando yake mna misitu ya mlimani yenye ukungu.

Kutembea humo tangu asubuhi hata jioni si upuzi. Mola wetu, katika Sura ya Al-Ankabut, ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame alivyoanza kuumba. Lakini kutazama kwa macho tu hata ng'ombe hutazama. Linalotakiwa ni kuzingatia, na alama ya mwenye kuzingatia ni kutunza amana. Nazo hapa ni tatu.

Ya kwanza ni sala. Aliyetoka pwani amekwisha kupita marhala mbili, naye ni msafiri; yafaa akusuru na akusanye, maadamu hakunuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka. Ama mkazi wa Matamba aendaye uwandani na kurudi siku ile ile, huyo atasali kamili, kila sala kwa wakati wake.

Ya pili, nayo yataka kukazaniwa, ni mwenzako. Mtume (s.a.w.) ameagiza watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao amiri. Na Jabir (r.a.) amepokea kuwa Mtume alikuwa akibaki nyuma katika mwendo, akimhimiza dhaifu, akimpakia, akiwaombea. Tazama basi! Bora wa viumbe alikaa nyuma kwa ajili ya wanyonge, na vijana wetu hukimbilia kileleni, mzee na mwenye pumu wakaachwa msituni. Ukungu hushuka ghafula njia ikapotea, na baridi ya mvua humwondolea mtu nguvu na akili. Asemaye, "Atatufuata polepole," na ajiulize atajibu nini mbele ya Mola wake ikiwa hakufuata. Amiri na aweke mjuzi wa njia mbele na mwenye nguvu nyuma, kundi liende kwa hatua za dhaifu wao. Akishindwa, warudi wote. Kufika kileleni si faradhi, na kuihifadhi roho ya Mwislamu ni wajibu.

Ya tatu ni maua yenyewe. Mengi ni ya jamii ya okidi, ambayo viazi vyake huchimbwa na kupelekwa Zambia kufanywa chakula kiitwacho chikanda. Kiazi kikichimbwa, ua halirudi mwakani. Basi usichume wala usichimbe; liache, na ajaye nyuma yako apate kumsabihi Muumba wake.

Mpandapo leteni takbiri, na mshukapo tasbihi, kama walivyofanya masahaba. Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kuzingatia na kutunza amana. Amin. Wallahu aalam.