Kuwapo na Kujulikana

Jirani yangu, seremala wa milango ya nakshi, alifungua tovuti ya kazi zake, na kila usiku baada ya sala ya isha huandika katika simu maneno "milango ya nakshi", akapitisha kidole kurasa tatu nne asijione, kisha huniuliza kwa unyonge: "Maalim, mbona sipo?"

Neno hilo "sipo" limenishughulisha sana. Kwa upande wa ufundi jawabu si gumu: mtambo wa kutafuta hutuma kwanza programu izipitie kurasa, kisha huzitia katika faharasa, na mwisho huzipanga kwa daraja, na tovuti isiyotajwa popote huweza kukawia kuonekana, wala Google haipokei malipo ili impandishe mtu katika matokeo ya kawaida. Lakini kanuni ya daraja hizo waliyoieleza waasisi wake, Sergey Brin na Larry Page wa Stanford, mwaka 1998, ya kwamba kiungo ni mithili ya ushahidi, na ushahidi wa ukurasa unaoshuhudiwa na wengi una uzito zaidi, yafanana ajabu na sanadi, yaani minyororo ya wasimulizi wa Hadithi, za wanazuoni wetu, ila wao walichunguza pia uadilifu na hifadhi ya msimulizi mwenyewe.

Basi daraja hiyo ni kipimo cha kutajwa, nacho kina manufaa yake. Kuwapo ni jambo jingine. Ijumaa nilipapasa mlango wake wa mninga, yungiyungi limechongwa kizingitini hata vumbi la patasi halijafutwa, nikamwambia: "Upo, bwana, upo."