Breki Umeongeza?

Kijana ninayemsimulia hapa simpi jina. Nimemfinyanga kwa udongo wa vijana wengi, na kila kijiwe cha bodaboda kuanzia Kinjumbi hadi Nangurukuru kitamtambua. Kisa chake nakiandika kwa ajili ya wale ambao miguu yao bado ni mizima, wanaoipenda pikipiki kwa moyo, na ambao usiku wakilala huota wanashindana.

Alikuwa na miaka 22. Pikipiki yake ilikuwa Boxer ya mkataba: kila jioni anampelekea bosi shilingi 10,000, na siku mkataba ukiisha, chombo kinakuwa chake. Alikuwa amebakiza miezi miwili. Uhodari wake ulikuwa wa kweli. Masika, njia ya udongo inapogeuka utelezi na wenzake wakashuka kusukuma, yeye alipita amekaa kitini, miguu juu ya vikanyagio, mkono mmoja ukicheza na klachi kama mpiga ngoma anayejua ngozi yake. Hakuwa mvivu wala mlevi. Kilichomponza ni kipaji kisichopata mwalimu.

Kwenye simu alikuwa akitazama mbio za motokrosi, pikipiki zinaruka vilima na kutua kwenye tope, akasema moyoni: hata mimi naweza. Huenda aliweza. Lakini hakuuliza wale anaowatazama wameanzia wapi. Alitazama walipofika, akataka kuanzia hapo hapo.

Wenzake walianzisha mashindano ya Jumapili jioni. Kila mmoja anaweka 20,000, wanashuka hadi kwenye lami ya barabara kuu ya Kibiti–Lindi, wanaondoka kwenye kalvati, na atakayetangulia kufika kwenye kibao cha kijiji anachukua fungu lote. Kijana wetu alikuwa na akiba ya 180,000. Aliitumia hivi: sproketi ya mbele yenye meno mengi zaidi na cheni mpya, ili pikipiki iongeze spidi ya juu, kutoboa eksozi ili ingurume, stika na rangi. Akang'oa na vioo vya pembeni, eti vinashika upepo. Zilizobaki akaziweka za dau. Tairi la nyuma lilikuwa kipara. Helmeti ilikuwa ile ile ya abiria, iliyokwisha kudondoka mara nyingi na kukatika kifungo cha kidevuni.

Fundi aliyemfungia sproketi alikuwa mzee wa siku nyingi, mwenye gereji yake chini ya mkorosho. Alipomaliza kukaza nati hakumpa ufunguo. Aliegemeza pikipiki kwenye stendi, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, kisha akakanyaga breki. Gurudumu likaendelea kuzunguka. Likazunguka tena, ndipo likasimama kwa uvivu.

“Mwanangu,” akasema, “mbio umeongeza. Breki umeongeza?”

“Mzee, mbio zenyewe ni za kwenda mbele,” kijana akajibu. “Breki ya nini?”

Mzee akamkabidhi ufunguo, akanyamaza.

Jumapili ile jua lilikuwa limeshainama. Walikuwa wanne. Kijana wetu aliondoka vizuri, akawaacha, na karibu na kibao alikuwa peke yake mbele. Mahali hapo njia ya vumbi inaingia kwenye lami, na kila chombo kinachopanda kinabeba mchanga kwenye matairi na kuumwaga barabarani. Lori likatokea mbele, taa zimewaka. Akasogea kushoto kulipisha, tairi la mbele likakutana na mchanga. Akafanya kile ambacho mguu wake umezoea siku zote: akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Gurudumu likaendelea kuzunguka, lile la mbele likateleza mchangani, pikipiki ikalala. Helmeti ikaruka kabla yeye hajagusa chini.

Aliishi, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lake lilivunjika kweli, paja la kulia. Akapelekwa hospitali ya Kivinje, akalazwa wiki nyingi. Pikipiki ilipinda fremu, na bosi akadai chombo chake. Mama yake alikuwa na ufuta shambani, haujavunwa bado. Aliuuza kwa kangomba, ungali umesimama, kwa bei ya mtu mwenye shida. Minada ya ushirika ilipofunguliwa na majirani wakalipwa, yeye hakuwa na kilo ya kupeleka ghalani. Zile mbio zilidumu dakika moja na kidogo. Deni lake lilikula msimu mzima.

Hapo kisa kinaishia na funzo linaanza. Sisemi kijana huyu alikosea kupenda mbio. Kupenda kushindana si dhambi, na umaskini si sababu ya mtu kunyimwa mchezo. Kosa lake ni mpangilio. Alinunua kwanza kile kinachotakiwa kuja mwisho, na cha kwanza hakukinunua kabisa.

Cha kwanza ni mahali. Barabara ya umma si uwanja. Sheria ya Usalama Barabarani tuliyonayo tangu mwaka 1973 hairuhusu kushindana mwendo humo bila kibali, na bima za vyombo vya moto kwa kawaida haziligusi jeraha la mashindano. Lakini iache sheria, tupige hesabu tu. Anayekwenda kilomita 90 kwa saa anakula mita 25 kila sekunde. Urefu wa uwanja wa mpira anaumaliza kwa sekunde nne. Ukishtuka kwa sekunde moja tu kabla mkono haujaifikia breki, mita 25 zimeshapita bure. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ambayo breki inahitaji ili ikusimamishe haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Mbuzi wa Somanga hajui hesabu hiyo, wala mtoto anayevuka na ndoo.

Wako watu duniani wanaoshindana kwenye barabara za kawaida. Mashuhuri zaidi ni mbio za kisiwa cha Man, baina ya Uingereza na Ireland, zilizoanza mwaka 1907. Kule barabara inafungwa kwa sheria, wasimamizi wenye bendera wanapangwa njia nzima, madaktari na helikopta wanasubiri. Pamoja na yote hayo, mzunguko ule wa kilomita 60 umeua zaidi ya watu 250 tangu ulipoanza kutumika. Ikiwa kwa maandalizi yale mauti bado yanaingia, sisi tunaokimbia kutoka kalvati hadi kibao, huku mabasi ya Mtwara yakipita, tunategemea nini?

Mchezo unaofaa udongo wetu ni motokrosi, na Afrika Mashariki inao. Uganda kuna uwanja wa Busiika, Luwero, na wa Garuga karibu na Entebbe. Nairobi wanakimbia Jamhuri. Kwetu Tanzania mchezo huu umeota mizizi zaidi kaskazini, upande wa Arusha na Moshi. Viwanja vile ni vya udongo na vimefungwa. Hakuna lori linalokuja mbele yako, wote mnaelekea upande mmoja. Madaraja yamepangwa kwa ukubwa wa injini, na watoto huanza na pikipiki za cc 50. Mwana wa Kinjumbi yuko mbali na viwanja hivyo, nakiri. Lakini nauli ya basi kwenda kutazama mbio moja ni ndogo kuliko pesa alizozimaliza kijana wetu kwa sproketi na stika.

Ukifika, usikae kwenye kivuli. Omba kusaidia: kusimama konani, kubeba maji, kushika bendera. Utajifunza kwamba njano inasema kuna hatari mbele, punguza, usipite mtu. Nyekundu inasema mbio zimesimama. Buluu inasema anakuja mwenye kasi kuliko wewe, mpishe. Na ile ya miraba myeusi na myeupe ndiyo mwisho. Utaona nani anaanguka, wapi, na kwa nini. Hii ni shule isiyo na ada.

Cha pili ni kinga, na kinga huanzia kichwani. Kijiwe kizima kinajua mitumba mizuri ya buti na jaketi. Hizo nunua, hakuna ubaya. Helmeti usinunue ya mtumba. Ndani yake mna povu gumu ambalo kazi yake ni kubonyea badala ya fuvu lako, na likishabonyea halirudi. Kwa nje inang'aa, kwa ndani imekwisha kazi. Ikianguka nawe mara moja, iage. Na isiyofungwa kidevuni si helmeti, ni kofia.

Hapa kwetu Umatumbini tunayo historia inayoniumiza kila ninapoikumbuka. Mwaka 1905, kutoka vilima vya Nandete, wazee wetu walikwenda kupambana na bunduki za Wajerumani wakiwa na dawa ya maji ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, kwa imani kwamba risasi zitageuka maji. Walikuwa wanapigania nchi yao, na ujasiri wao tutauheshimu daima. Ujasiri hawakukosa, walichokosa ni kinga. Sisi wajukuu, ambao kinga inauzwa dukani na vita yetu ni mchezo tu, tutajitetea vipi tukiingia vichwa wazi?

Cha tatu ni ufundi, na huu unaweza kuuanza Jumapili hii, hapo hapo kijijini, bila kuongeza hata senti kwenye injini. Chukueni uwanja wa mpira. Pigeni mistari miwili ya chokaa, mwanya wa hatua mbili kati yake, urefu wa mita 30. Shindaneni nani atakuwa wa mwisho kufika bila kushusha mguu wala kuzima. Ni mbio za taratibu, na nawahakikishieni zitamtoa jasho bingwa wa lami. Duniani upo mchezo kamili wa namna hii, wa kupita juu ya mawe na magogo bila kugusa chini: mguu ukishuka mara moja ni alama moja ya adhabu, ukishuka mara mbili ni mbili, ukishindwa kabisa ni tano, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Hauhitaji spidi. Unahitaji klachi, macho na mizani ya mwili.

Kisha jifunzeni kusimama. Wengi wetu tunaiogopa breki ya mbele, tukidai itatupindua. Pikipiki inapofunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kukusimamisha. Ibane polepole ukiongeza, kama unayekamua embe, si kwa kuinyakua. Kwenye mchanga ilegeze. Rudia mara hamsini kwa mwendo mdogo mpaka mkono ujue wenyewe, maana siku ya lori hakuna muda wa kufikiri.

Cha nne, na ndicho cha mwisho, ni chombo. Anza na kidogo, kilichotumika, chenye vipuri vinavyopatikana. Kabla hujamlipa fundi aongeze spidi, mlipe aangalie mpira wa tairi, kulegea kwa cheni, spoki, breki shuu, shokamzoba na mafuta ya injini. Na andika bajeti yote: nauli ya kusafirisha pikipiki, kiingilio, petroli, tairi, matibabu, na ukarabati baada ya kuanguka, kwa sababu utaanguka. Kipimo ninachompa kila anayeniuliza ni hiki: pikipiki hiyo ikivunjika leo, nyumbani kesho watakula? Kama jibu ni hapana, hiyo si ya mbio. Pikipiki ya mkataba ni jembe. Hakuna mkulima wa Kinjumbi anayecheza kamari jembe lake mvua zikikaribia.

Vijana wakiamua kweli, watu kumi wakichangishana kidogo kidogo kama kwenye kikoba, msimu wa ufuta mmoja au miwili unatosha kununua pikipiki moja chakavu ya kujifunzia, na helmeti mbili nzuri za kuazimana kwa zamu. Hiyo tayari ni klabu. Akitokea mwenye kipaji, kijiji kizima kitampeleka kaskazini akiwa amejifunza na amekingwa, badala ya kumpeleka Kivinje kwa machela.

Kijana wetu sasa anatembea, kwa kuchechemea. Mchana hushinda gereji, chini ya ule mkorosho, anamshikia mzee spana. Mdogo wake mmoja akija kutaka sproketi kubwa, yeye ndiye anayeegemeza pikipiki kwenye stendi, anazungusha gurudumu, anakanyaga breki na kungoja. Nawe unayesoma, kabla hujaongeza chochote kwenye pikipiki yako, lizungushe gurudumu lako na ujiulize swali la mzee.