Je, Ngoma Yaweza Kutafuta Kweli?

Watu wengi wakisikia neno uchunguzi huwaza mtu mwenye kalamu na daftari, aulizaye maswali na kuandika majibu. Na wakisikia neno ngoma huwaza vumbi, njuga, na mavuno yaliyokwisha kutiwa ghalani. Mambo haya mawili huyaona yako mbalimbali: la kwanza ni la kutafuta elimu, la pili ni la kuufurahisha mwili. Walakini wako wataalamu wa vyuo vikuu wasemao kwamba kutunga wimbo, kufinyanga sanamu au kucheza mchezo wa kuigiza ni njia ya kuchungua mambo, tena ni njia halali kama ile ya daftari. Yatupasa kulipima neno hili, kwa kuwa limekwisha kujaribiwa karibu nasi.

Katika miaka ya 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi Malya, katika Kwimba. Kwetu sisi watu wa Nyalikungu mahali hapo si ugenini. Mtu asafiriye kwa reli toka Malampaka kwenda Mwanza hupita hapo. Nia yao ilikuwa kukaa pamoja na wanakijiji, kuzitambua shida zao, kutafuta sababu zake, kisha kuzitungia michezo kwa ngoma na nyimbo za wenyeji, na baada ya kuonyesha, kuketi tena pamoja na kuzungumza. Neno lililotokea lilikuwa zito: wasichana wa shule kupata mimba. Mlama aliziandika habari za kazi za namna hii katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1991.

Fikirini uzito wa neno lenyewe. Siku zile msichana aliyepata mimba alifukuzwa shuleni, na mambo yalidumu hivyo hata Novemba 2021, Serikali ilipotoa ruhusa wasichana waliozaa warudi darasani. Basi mgeni mwenye daftari akipiga hodi na kumwuliza baba habari za binti yake, atajibiwa nini? Baba ataona haya, mama atatazama chini, msichana atakimbilia jikoni, naye aliyemharibu, awe kijana au mtu mzima mwenye heshima zake, hatafungua kinywa. Daftari litajaa, lakini litajaa maneno ya adabu. Hatusemi kwamba watu ni waongo. Twasema kwamba mtu aulizwaye peke yake juu ya aibu yake hana budi kujikinga.

Mchezo una njia nyingine. Yule ashikaye nafasi ya msichana lazima ajue msichana huyo alitoka wapi jioni ile, alipewa nini, aliahidiwa nini, na alimwambia nani kwanza. Yule ashikaye nafasi ya baba lazima aamue kama atapiga, au atalia, au atadai ng'ombe. Mtu aandikaye aweza kuruka asilolijua, wala msomaji asitambue. Lakini aigizaye hawezi kuruka; akifika mahali asipopajua atasimama kimya mbele ya watu. Hapo ndipo ajuapo kwamba hajui, na huo ndio mwanzo wa elimu yote. Hata mfinyanzi huujua udongo kwa kuufinyanga, si kwa kuutazama.

Tena, watazamaji nao huwa wasahihishaji. Mama mmoja akisema, "La, mzazi hasemi hivyo, husema hivi," amekwisha kutoa ushuhuda, wala hakumtaja binti wa mtu. Njia hii ni ya zamani sana. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi hakuanza kwa kumwuliza habari za Uria na mkewe. Alimpa hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake, mfalme akaihukumu kwa haki kabla hajatambua kwamba anajihukumu mwenyewe.

Lakini huenda mtu akatuuliza: je, ngoma haidanganyi? Swali hili ni la haki, nasi Wasukuma tunalijua kuliko wengine. Bagika na Bagalu wanaposhindana, makundi mawili hucheza siku moja, na kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lishindalo. Nasi twajua ya kuwa watu huvutwa hata na nyoka na fisi, wala si kwa ukweli wa maneno ya manju. Basi wingi wa watu si ushahidi wa kweli. Jibu letu ni kwamba tusichanganye ngoma ya mashindano na ngoma ya uchunguzi. Ile ya kwanza huisha watu wanapopiga vigelegele. Hii ya pili, hapo ndipo ianzapo kazi yake, maana watu huketi na kuulizana: je, ndivyo ilivyo? Ni nani aliyeachwa katika mchezo? Kwa nini mwanamume hakuonekana? Bila mazungumzo hayo, mchezo ni mchezo tu.

Wala hatusemi daftari litupwe. Wimbo waweza kutuonyesha jinsi msichana anavyopotea. Hauwezi kutuambia ni wasichana wangapi walioacha shule mwaka huu. Hayo yamo katika kitabu cha mahudhurio. Mwenye kutaka kweli nzima ashike vyote viwili, kama mkulima ashikavyo jembe na panga, kila kimoja kwa kazi yake.

Liko na neno la haki. Elimu iliyopatikana kwa vinywa vya wengi ni mali ya nani? Huko Kamiriithu, Limuru, katika Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo ulioitwa Ngaahika Ndeenda kwa Kikikuyu. Wakulima na wafanya kazi wa pale waliusahihisha, wakaongeza waliyoyajua wao juu ya mashamba na mishahara, wakajenga kwa mikono yao mahali pa kuchezea. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba mwaka ule ule Serikali ikaondoa ruhusa, na Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Mwaka 1982 jengo lile likavunjwa. Kama mchezo ungekuwa upuzi mtupu, nani angejisumbua kuuzuia? Lakini tuone na hili: walioumia si mwandishi tu, bali na wanakijiji waliopoteza kazi ya mikono yao.

Kwa hiyo twaona kwamba mchunguzi ajaye kwa ngoma ana deni kubwa kuliko ajaye kwa daftari. Aliyeuliza maswali amechukua maneno yetu. Aliyetunga pamoja nasi amechukua sauti zetu, machozi yetu na vicheko vyetu. Yampasa asimtaje mtu kwa jina wala kumvika mavazi yatakayomtambulisha. Yampasa asiondoke na kitabu na kuwaachia watu aibu. Tena neno likijulikana, sisi wenyeji hatuna udhuru wa kukaa kimya, maana tumelitamka kwa vinywa vyetu wenyewe.

Basi, enyi walimu wenzetu, na ninyi wazazi na wazee wa makanisa, vijana wakitunga mchezo juu ya jambo lituumizalo, tusiwaambie kwamba wanapoteza wakati. Tuketi tutazame hata mwisho. Na ukiisha, tusiinuke upesi kwenda nyumbani. Tuulizane kwanza kama ndivyo ilivyo, na kama ndivyo, ni nani kati yetu atakayeanza kutengeneza.