Masurufu ya Mtoto Si Yako Kusamehe

Hapa Mombasa, nenda Mtongwe, nenda Mjambere, nenda Chaani. Kote huko utawapata kina mama walioachiwa watoto, na ukiwauliza habari ya baba watoto, wengi watakujibu: "Nimemwachia Mungu."

Dadangu, mwachie Mungu yaliyo yako. Matusi uliyotukanwa, miaka uliyompa mtu asiyejua thamani yake, hayo ni yako, samehe ukitaka. Masurufu ni ya mtoto. Wewe huna ruhusa ya kuyasamehe, na babake hana ruhusa ya kuyala.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema wazi kwamba kumlea na kumlinda mtoto ni jukumu la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Zamani mambo hayakuwa hivi. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtwika mzigo mama kwanza pale ambapo hapakuwa na ndoa, na wanaume wengi wakajificha humo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema kipengele hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikakizika kabisa. Kwa hiyo anayekwambia "kwani nilikuoa?" anakusomea sheria iliyokufa. Nawe uliyeachwa kwa talaka, hata dini yenyewe imemwekea baba masurufu ya wanawe. Talaka huvunja ndoa. Uzazi hauvunjiki.

Basi amka! Leo usiku watoto wakilala, shika daftari uandike kila kitu: kodi ya chumba, unga, gesi, karo, nauli ya matatu, sare, dawa ya kifua. Andika hata penseli. Tafuta cheti cha kuzaliwa. Kama hakina jina la baba, usife moyo, kwa sababu korti ina uwezo wa kuamuru kipimo cha DNA. Kisha toa taarifa yako ya M-Pesa. Zile elfu mbili alizotuma mwezi wa tatu zinaonyesha anajua ana mtoto, na ile miezi mitano iliyofuata bila hata shilingi nayo inasema kitu mbele ya hakimu. Usifute ujumbe wake wowote, hata ule wa kukutusi.

Ukiwa na hayo, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Atawaita nyote wawili, na mkielewana mtaandikiana makubaliano na kutia sahihi. Baba akikataa kuja, au akitia sahihi kisha akapotea, kesi ni korti ya watoto, Tononoka. Kukosa pesa za wakili kusikuzuie: mashirika ya msaada wa kisheria, FIDA na Kituo cha Sheria, yana ofisi hapa Mombasa, na wewe mwenyewe una haki ya kusimama ukajieleza. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, ni bure.

Hakuna kiwango kimoja cha kila mtu. Hakimu hutazama mahitaji ya mtoto na mapato ya wazazi wote wawili, na anaweza kutoa amri ya muda ili mtoto ale huku kesi ikiendelea. Mwenye mshahara anaweza kukatwa kazini. Mwenye kuidharau amri anaweza kufungwa.

Kakangu, nawe nisikilize. Tunajua kazi ni ngumu. Mwaka 2019, mizigo ya bandari ilipoamriwa kupanda reli ya SGR, madereva na mataniboi wa Changamwe wengi walilala njaa. Lakini kukosa kazi hakukufanyi ukose mtoto. Mapato yakishuka, rudi kortini uombe kiwango kipunguzwe. Kuzima simu hakupunguzi deni, kunamfundisha tu mwanao kwamba babake anamkimbia.

Na hili linawahusu nyote. Kumwona baba ni haki ya mtoto vilevile, kwa hiyo, dadangu, usimpeleke mtoto kwa bibi Kwale ukamficha kwa kuwa pesa zimechelewa. Nawe baba usiseme "sitoi mpaka nimwone." Mambo haya mawili hayabadilishwi moja kwa jingine. Kama baba ni mkali, mlevi au ana mkono mwepesi, mwambie hakimu, aweke masharti ya kumwona mtoto au azuie kabisa. Kuhusu anayebaki na mtoto, mdogo sana mara nyingi huachiwa mama, lakini si lazima. Kinachopimwa ni maslahi ya mtoto. Baba anayejua siku ya kliniki na jina la mwalimu wa mwanawe naye ana la kusema, na aseme!

Safari ya Tononoka si ndefu. Wa Likoni anavuka kwa feri, na mtembea kwa miguu halipi. Wa Kisauni anapita daraja la Nyali, wa Changamwe anaingia Makupa. Ukiogopa kwenda peke yako, mchukue shoga yako, au yule jirani anayekukopesha unga kila mwisho wa mwezi. Naye amechoka kulea mtoto mwenye baba hai. Watakaouliza mnarudi saa ngapi waambie hamjui, ila mtarudi na nambari ya kesi.