Elimu Kabla ya Lawama: Amana ya Tumbo la Uzazi



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), aliyetuumba ndani ya matumbo ya mama zetu, hatua baada ya hatua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, Ramadhani iliyopita nilirudi nyumbani Buyenzi, mjini Bujumbura. Siku moja baada ya futari, shangazi alimwita kaka yangu mkubwa mbele yetu sote akamwambia: "Mwanangu, miaka sita inatosha. Huyu mke hazai. Mrudishe kwao, au tukutafutie mwingine." Shemeji alikuwa jikoni anaosha vyombo, na ukuta wa jikoni kwetu ni mwembamba. Tukasikia vyombo vimenyamaza.

Kaka hakujibu. Nami ninayesomea Masomo ya Kiislamu, ambaye familia nzima ilitarajia niwe na la kusema, nilinyamaza pia.

Usiku huo tukitoka tarawehe kaka alinifungulia moyo. Yeye na mkewe walikuwa wamekwisha kwenda hospitali. Mke hakuonekana na tatizo lolote. Mwenye tatizo ni yeye: mbegu zake ni chache, na korodani yake moja haikushuka tangu alipozaliwa, wala haikutibiwa utotoni. Mkewe aliyajua haya yote, akakubali kubeba lawama ili amsitiri mumewe. Kisha kaka akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa, ni kosa la mama? Alikunywa nini alipokuwa na mimba yangu?"

Ameniruhusu niandike habari hii kwa sharti kwamba nisitaje jina lake. Naiandika kwa sababu katika nyumba moja, kwa usiku mmoja, niliona lawama ikimtoka mke na kwenda kumtafuta mama, na hapakuwa na elimu mahali popote katika safari hiyo. Katika Surat Al-Israa, aya ya 36, Allah anatukataza kufuata tusiyo na elimu nayo, na anatuonya kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Basi nilirudi chuoni nikaanza kusoma na kuwauliza wenzangu wanaosomea udaktari.

Nilijifunza kwamba uzazi wa mwanamume huanza kuandaliwa muda mrefu kabla hajabaleghe. Mimba inapofika karibu na wiki ya 8, korodani changa za mtoto huanza kutengeneza homoni iitwayo testosteroni. Homoni hiyo ndiyo inayoelekeza viungo vya kiume viumbike ipasavyo. Katika miezi hiyo hiyo ya tumboni huanza kukua zile seli ambazo baadaye zitalea mbegu za kiume. Korodani zenyewe huumbika ndani ya tumbo la mtoto, na kwa kawaida hushuka kwenye mfuko wake katika miezi ya mwisho ya mimba. Homoni ya kigeni ikiingia wakati huo na kuvuruga mpangilio, athari yake inaweza kujificha mpaka mtoto awe mtu mzima anayetafuta watoto wake mwenyewe. Surat Az-Zumar, aya ya 6, inataja kuumbwa kwetu katika viza vitatu. Nilipokuwa nikiisoma zamani nilipita tu. Sasa nasimama.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea Marekani. Mwaka 1938, kule Uingereza, Charles Dodds na wenzake walitengeneza dawa inayofanya kazi kama homoni ya kike ya estrojeni. Iliitwa daiethilistilbestroli, kwa kifupi DES. Mwaka 1947 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu ipewe wajawazito ili kuzuia mimba zisiharibike. Akina mama waliimeza kwa matumaini na kwa mapenzi ya watoto wao, tena kwa maelekezo ya madaktari.

Mwaka 1953 madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakiongozwa na William Dieckmann, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha wajawazito zaidi ya 1,600. Baadhi walikuwa wamepewa DES na wengine vidonge visivyo na dawa. DES haikuzuia mimba kuharibika. Hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa miaka mingi zaidi. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston walieleza habari za wasichana 8 waliopata saratani ya uke, ugonjwa uliokuwa nadra sana kwa umri wao. Mama 7 kati ya hao 8 walikuwa wametumia DES katika ujauzito. Mwaka huo huo madaktari wa Marekani walitahadharishwa wasiwape wajawazito dawa hiyo.

Watoto wa kiume je? Waliofanyiwa uchunguzi walionekana kuwa na kasoro za viungo vya uzazi mara nyingi zaidi kuliko wengine: korodani zisizoshuka, korodani ndogo, na vivimbe kwenye kifereji kinachohifadhi mbegu. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya kuwafuatilia watoto wa kiume wa wale akina mama wa Chicago, wakiwa sasa ni watu wazima. Kasoro za maumbile zilikuwa mara 3 zaidi kwa waliofikiwa na DES, na waliofikiwa nayo kabla ya wiki ya 11 ya mimba ndio walioathirika zaidi. Lakini uwezo wao wa kupata watoto haukuonekana kupungua kuliko wenzao.

Ndugu msomaji, simama hapo kidogo. Dawa ilidhuru, na hilo ni kweli. Lakini wengi katika waliodhuriwa waliitwa baba, na hilo pia ni kweli. Kasoro ya mwili si hukumu ya mwisho. Katika Surat Ash-Shuuraa, aya ya 49 na 50, Allah anatueleza kwamba humpa amtakaye watoto wa kike, humpa amtakaye wa kiume, huwachanganyia wengine, na humjaalia amtakaye kuwa tasa. Nabii Zakariya (A.S.) aliomba mtoto mifupa yake ikiwa imekwisha dhoofika, na akapewa Yahya.

Nilimpigia kaka simu nikamjibu swali lake. Nilimwambia kwamba korodani kutoshuka hutokea kwa watoto wengi, na mara nyingi chanzo chake kwa mtoto fulani hakijulikani. Hatuna elimu kwamba mama alikunywa chochote, basi hatuna haki ya kumtuhumu. Na hata wale akina mama wa Marekani hawakuwa wakosaji. Walidanganyika na dawa waliyopewa na watu waliowaamini.

Lawama ikiondoka, wajibu unabaki. Naona mitatu inatuhusu sisi vijana ambao wengi wetu tutaoa na kuolewa karibuni.

Kwanza, tuheshimu mimba. Sheria yetu inamruhusu mjamzito kufungua saumu ya Ramadhani akihofia afya ya mtoto aliye tumboni, kisha ailipe baadaye. Ikiwa nguzo ya Uislamu inasubirishwa kwa ajili ya kiumbe ambaye hatujamwona, vipi dada yetu ameze kidonge au mizizi kwa ushauri wa jirani bila kumuuliza mjuzi? Na asiache dawa aliyoandikiwa kwa sababu ya hofu tu. Amuulize daktari kwanza, maana kuacha nako kunaweza kudhuru.

Pili, anayetoa dawa aogope. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (S.A.W.) alibainisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa na ujuzi huo atabeba dhamana ya madhara. Wenzetu mnaosomea uuguzi, ufamasia na udaktari, hadithi hiyo ni yenu. Na kisa cha DES kinatufundisha zaidi: hata mwenye ujuzi anatakiwa aache pale ushahidi unapomwambia aache. Kati ya 1953 na 1971 ni miaka 18.

Tatu, tuwaangalie watoto wetu wa kiume. Mzazi anapomwogesha mtoto aangalie kama korodani zote mbili zimeshuka. Ikifika miezi 6 na moja bado haijashuka, ampeleke hospitali. Upasuaji wake hupendekezwa ufanyike mapema, kabla ya miezi 18, ili kulinda uzazi wake wa baadaye. Kwetu tuliona haya kulitazama na kulisema jambo hili, na kaka yangu ndiye anayelipia haya yetu.

Na wanandoa wakichelewa kupata mtoto, wapime wote wawili. Mume asimwache mkewe asimame peke yake mbele ya ndugu zake.

Siku ya Idi kaka alimwomba shangazi wakae faragha. Akamweleza ukweli wote kwa mdomo wake. Shangazi alilia, kisha akainuka akaenda jikoni kumwomba shemeji radhi. Bado hawajapata mtoto. Kaka anaendelea na matibabu, na mkewe yuko naye.

Ewe Mola wetu, tujaalie elimu kabla ya ndimi zetu kutamka. Wahifadhi walio matumboni, wape subira wanaosubiri, wasamehe waliolaumu bila kujua, na utupe kizazi chema kama ulivyompa Zakariya. Amin.

Wabillahi tawfiq.