Ndiyo ya Nahodha

Katika miaka zaidi ya 30 niliyofundisha somo la siasa, na baadaye uraia, nilikuwa na swali moja nililopenda kuwatupia wanafunzi wa kidato cha tatu ili kuwaondolea usingizi wa mchana. Mtu akikubali jambo kwa kinywa chake mwenyewe, bila kupigwa wala kutishwa, je, anaweza baadaye kusema kwamba ameonewa? Walibishana sana. Mwisho niliufunga mjadala kwa kuwaambia kwamba mwenye akili timamu akisema ndiyo, basi amesema ndiyo, na kwamba dunia haiwezi kwenda ikiwa kila mtu ataruhusiwa kuyakana maneno yake. Lilikuwa jibu la mtu ambaye hajapata kulipima. Nililipima asubuhi moja baharini, nilipokwisha kustaafu.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa ni watu wazima wenye kazi na watoto, walichangishana wakanikodia boti ya kuvulia kwa nusu siku, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, kutoka Kunduchi, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam. Mimi ni mtu wa bara. Nimeishi mjini humu sehemu kubwa ya umri wangu, nikila samaki wa bahari hii karibu kila wiki, lakini sijapata kumvua hata mmoja. Wao waliona jambo hilo ni la kuchekesha, na nadhani lilikuwa hivyo.

Ilikuwa Februari. Kaskazi ilikuwa bado haijaamka, na maji yalikuwa yakipwa taratibu. Ufukweni wanawake walikwisha kufika na ndoo zao kuwangoja waliokesha baharini na ngalawa. Nahodha wangu alikuwa mtu wa makamo, kama miaka arobaini hivi, mwembamba, asiye na maneno mengi. Aliniamkia, "Shikamoo, mzee," nami nikamwitikia, "Marahaba, nahodha." Pamoja naye alikuwamo kijana mmoja wa kumsaidia, ambaye kazi yake ilikuwa kutupa na kung'oa nanga, kukata ngisi wa chambo na kuteka maji yaliyoingia chomboni. Boti ilikuwa ya faiba, na mashine yake ilikuwa ya kukopa. Hilo alilitaja mwenyewe nilipomsifia kwamba inavuma vizuri.

Tulikwenda mwendo mfupi, tukatia nanga mahali penye maji ya pima 6 au 7. Nahodha alinifundisha kuushika mshipi kwa kidole cha shahada, kuiacha chubwi ifike chini, kisha kuinyanyua kidogo ili ndoana isikwame kwenye mwamba. Ni elimu tamu sana. Mtu hukaa kimya, roho yake yote ikiwa imeteremka kwenye ncha ya kidole, akisikiliza kitu asichokiona. Kwa saa nzima ya kwanza nilikuwa na furaha isiyohitaji samaki.

Lakini furaha ya namna hiyo haidumu kwa mtu aliyezoea kuhesabu. Ilipofika saa 4 nilikuwa nimepata tasi wawili na changu mmoja wa kiganja. Mbali kidogo nasi palikuwa na ngalawa yenye watu wawili, nao hawakuwa wakipata zaidi yangu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wakitafuta unga wa siku ile. Hilo sikulifikiri wakati huo. Nilichofikiri ni jioni, ambapo wanafunzi wangu wangenipigia simu kuniuliza, "Mwalimu, umepata nini?" Jua lilikuwa limepanda, na saa 6 ilikuwa inakaribia.

Mbele yetu kilikuwa kisiwa. Msomaji anayeijua pwani hii anafahamu kwamba visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na kwamba uvuvi katika maji yanayovizunguka umekatazwa. Mtu huruhusiwa kwenda kuogelea na kupunga upepo, lakini si kushusha mshipi. Mimi nilikuwa nalifahamu hilo vizuri, maana niliwahi kulitolea mfano darasani nilipokuwa nikieleza Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Hata hivyo nilimwuliza nahodha, "Na kule kwenye mwamba wa kisiwa, vipi?"

"Kule ni tengefu, mzee," akajibu. "Hatuvui kule."

"Tungepita mara moja tu. Nitakuongezea kitu."

Akanyamaza. Alimtazama yule kijana, kisha akaitazama mashine, kisha akatazama chini. "Haya, mzee," akasema.

Haukupita muda mrefu tangu kushusha mshipi pale, nikavutwa kwa nguvu hata uzi ukanikata kidole. Alikuwa chewa, mnene, mwenye madoa ya kahawia, mzito kuliko samaki wote niliopata kuwashika. Nilipiga kelele kama mtoto. Nikageuka nione furaha yangu katika nyuso za wenzangu, na hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama samaki. Nahodha alikuwa akitazama upande wa bandarini, na kijana akitazama upande wa Bagamoyo. Walikuwa wakilinda boti ya doria.

Sijapata kuaibika namna ile. Kama doria ingetokea, mimi ningekuwa mzee mstaafu aliyepelekwa mahali asipopajua, nami, Mungu anisamehe, sina hakika kama nisingejitetea hivyo. Yeye angeweza kupoteza chombo, na mashine ambayo bado ilikuwa deni. Sote watatu tulikuwa ndani ya boti moja, lakini hatari haikuwa yetu sote sawasawa. Mimi nilikuwa mchezoni. Wao walikuwa kazini.

Nikasema, "Basi, tumrudishe majini." Nahodha akamfunua mdomo. Chewa alikuwa ameimeza ndoana hadi ndani, na damu ilikuwa ikitoka kwenye mashavu. "Huyu amekwisha, mzee. Ukimtupa utakuwa umemuua bure." Tukaondoka.

Ufukweni nilimpa nyongeza niliyomwahidi. Aliipokea bila kuihesabu, akaitia mfukoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe, mzee, umekuja leo. Mimi kesho nipo palepale." Yule chewa tulimla nyumbani na wali wa nazi, na mke wangu akamsifu. Jioni simu zilipopigwa nilisimulia habari zote: jinsi uzi ulivyonikata, jinsi nilivyopiga kelele. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa hodari sana wa kuuliza tangu utotoni, aliniuliza, "Ulimpata wapi, mwalimu?" Nikamjibu, "Huko huko baharini."

Tangu siku ile nimejaribu kujitetea mbele ya nafsi yangu kwa hoja tatu, nami nitaziweka hapa ili msomaji azipime.

Hoja ya kwanza husema kwamba bahari ni kubwa, na samaki mmoja si kitu. Lakini eneo tengefu huwekwa kwa sababu ya huyo mmoja hasa. Samaki akiachwa akakua, huzaa mayai mengi mara nyingi zaidi kuliko mdogo, na mayai na vichanga huchukuliwa na mkondo hadi nje ya mpaka, wakawafaidi wavuvi wa ngalawa. Tena chewa ana tabia yake ya pekee: wengi wa jamii yake huanza maisha wakiwa majike, na baadhi tu hugeuka kuwa madume wanapokuwa wakubwa, nao hukaa mwamba mmoja kwa muda mrefu. Kumtoa aliye mkubwa si sawa na kuchota kikombe katika pipa. Isitoshe, hoja hiyo ndiyo hoja ya kila mtu. Hata waliokuwa wakipasua matumbawe ya pwani hii kwa baruti, kila mmoja angeweza kusema kwamba mlipuko wake ni mmoja tu.

Hoja ya pili husema kwamba wavuvi wenyewe huiba humo wakipata nafasi. Labda wapo. Lakini anayevuka mpaka kwa sababu watoto wake hawajala ana la kusema mbele ya Mola na mbele ya hakimu, hata kama hatasamehewa. Mimi ningesema nini? Kwamba niliona haya kurudi na tasi wawili? Aghalabu sheria humkamata mwenye njaa, kwa kuwa yeye ndiye aonekanaye kule kila siku. Mwenye kucheza hupita mara moja, akaacha nyayo za mwenzake.

Hoja ya tatu ndiyo niliyoishikilia zaidi, maana ni ile ya darasani: nahodha alikubali. Sikumlazimisha. Alikuwa na ulimi, na angeweza kusema hapana.

Je, angeweza? Kwanza, alikwisha kusema. "Kule ni tengefu, mzee. Hatuvui kule." Katika lugha yetu ya adabu hiyo ndiyo hapana iliyo kamili, ambayo mtu mdogo anaweza kumwambia mtu mzima bila kumvunjia heshima. Mimi nilijifanya sikuisikia. Pili, nilikuwa nimekwisha kupokea shikamoo yake. Sisi tumelelewa kuamini kwamba mkubwa akiomba, ameamuru kwa upole. Tatu, nilikuwa mteja, na mashine ilikuwa na deni. Umri, fedha na adabu vilikaa upande wangu wote. Upande wake palikuwa na sheria peke yake, nami niliyeifundisha ndiye niliyemwomba aiweke kando. Sikumpiga wala kumtisha, ni kweli. Sikuhitaji.

Kwa hiyo leo ningewajibu wanafunzi wangu vingine. Ningewaambia kwamba ndiyo ina uzito kwa kadiri ile ile ambayo hapana ingewezekana. Na ningeongeza kwamba mzigo wa kulichunguza jambo hilo haumwangukii anayejibu, humwangukia anayeuliza. Mwenye nguvu hapaswi kungoja akataliwe ndipo ajue kwamba ameomba vibaya. Yapasa ajiulize kabla hajafungua kinywa: huyu ninayemwomba, akikataa atapoteza nini? Nami akikataa nitapoteza nini? Kama yeye atapoteza mkate na mimi nitapoteza hadithi ya jioni, basi swali lenyewe lisiulizwe.

Mambo haya si ya baharini peke yake. Mkubwa wa ofisi humwomba karani asaini karatasi ambayo yeye mwenyewe hataki kuisaini. Mama mwenye nyumba humwuliza msichana wa kazi kama hataona taabu kukosa kwenda kwao sikukuu. Wote hujibiwa "haya", nao hulala usingizi mzuri.

Baada ya majuma matatu nilikwenda tena Kunduchi. Nilimkuta nahodha akishona nyavu chini ya mkungu. Nilimwambia kwamba nilimkosea, kwamba nilimtia katika hatari kwa ajili ya upuuzi wangu, na kwamba nimekuja kumwomba radhi. Akasimama, akacheka kwa aibu, akaagiza niletewe kigoda. "Hapana, mzee wangu," akasema. "Hukunikosea kitu. Mimi hata nimeshasahau."

Nilikaa naye kidogo, tukazungumza habari za upepo na bei ya mafuta ya mashine. Njiani kurudi mjini niliyafikiri maneno yake. Labda alikuwa amesahau kweli. Au labda ilikuwa ni ile "haya, mzee" ya siku ile, imerudi katika vazi jingine. Maana mtu asiyeweza kunikatalia nilipotaka samaki, angewezaje kunikatalia nilipotaka msamaha?